Soma Bloku Kabla ya Kadi

Jumamosi nyingi asubuhi hupitia gereji moja nyuma ya nyumba za mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, kwa kisingizio cha kujaza upepo. Ukweli ni kwamba napenda kuwatazama wanunuzi wa magari ya zamani. Wana taratibu zao. Hugonga bodi kwa vifundo vya vidole wasikie palipojazwa puti. Hufungua na kufunga milango mmoja mmoja. Humwambia fundi awashe, kisha husimama mikono nyuma, shingo upande, kama wazee wanaosikiliza mahari ikitajwa. Halafu huomba kadi. Kadi ikishatoka, injini imesahaulika. Namba inasomwa kwenye karatasi, ukubwa wa injini unasomwa kwenye karatasi, na mkono unaingia mfukoni.

Katika miaka yote niliyosimama pale, hadi hivi karibuni nilikuwa nimehesabu watu watatu walioinama na tochi kusoma maandishi ya kwenye bloku yenyewe. Wawili kati yao walikuwa askari.

Niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Gari la zamani husomwa kwenye chuma kwanza, karatasi baadaye. Na injini iliyobadilishwa haina aibu yoyote. Aibu iko kwa aliyekwangua namba, na kwa muuzaji anayejua akanyamaza. Tumejizoesha kinyume chake. Tunaona haya kusema "injini hii si ya kwake", lakini hatuoni haya kumuuzia jirani gari ambalo kadi yake inasimulia habari za injini iliyokwisha kuyeyushwa kuwa nondo.

Namba ya moto na namba ya nyundo

Bloku ya chuma ina maandishi ya namna mbili, na anayeyachanganya hujipoteza mwenyewe. Ya kwanza yamevimba. Ya pili yamezama.

Yaliyovimba yalizaliwa pamoja na bloku. Chuma huyeyushwa tanurini kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na kalibu hiyo ilipata umbo lake kwa kukandamizwa kielelezo chenye sura ya bloku. Kwenye kielelezo fundi amekwisha bandika namba, na mara nyingi kibati kidogo cha tarehe kinachobadilishwa kila siku ya kazi. Mchanga hubeba alama, chuma huijaza, na bloku ikipoa namba imesimama juu ya ngozi yake, ina ukwaru uleule wa chuma kinachoizunguka. Kwenye baadhi ya bloku utaona hata vichwa vya skrubu zilizoshikilia kile kibati cha tarehe, navyo vimegeuka chuma. Usione vyaelea, vimeundwa.

Yaliyozama yalikuja baadaye. Bloku ikishakerezwa, ikawekwa krenki, pistoni na hedi, mfanyakazi wa kiwandani alichukua chapa za chuma na nyundo akagonga namba juu ya sehemu iliyosawazishwa. Ndiyo maana aghalabu huwa zimepinda kidogo, moja imeingia sana, nyingine imegusa tu.

Namba iliyovimba, niiite ya moto, inakwambia bloku ilitoka kwenye kalibu gani, na mara nyingi ilimiminwa lini. Namba iliyozama, ya nyundo, inakwambia injini hiyo ikawa nini: aina yake, siku ilipounganishwa, mfululizo wake, na wakati mwingine gari ilimofungwa. Kadi yako ya gari huchukua namba ya nyundo. Namba ya moto haiandikwi kwenye karatasi yoyote tunayopewa, na kwa sababu hiyo hakuna dalali anayehangaika kuighushi.

Nyumba yenyewe ya elimu hii

Elimu hii imekomaa zaidi Marekani, na mfano unaojulikana sana ni ile V8 ndogo ya Chevrolet. Ilitoka mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi 265. Ikafuata ya 283 mwaka 1957, ya 327 mwaka 1962, ya 350 mwaka 1967. Kwa nje zote ni ndugu wa tumbo moja. Anayetaka kuzitofautisha huenda nyuma ya bloku, pale inapoungana na giaboksi, upande wa kushoto ambao kwa Wamarekani ndio wa dereva, akatafuta namba iliyovimba ya tarakimu saba. Mojawapo ya zinazotajwa sana ni 3970010.

Hapa ndipo mjuzi nusu huanguka. Namba hiyo ilianza kutumika mwaka 1969 ikaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika mwaka ule wa kwanza tu ilibebwa na bloku za injini tatu tofauti: ya 302, ya 327 na ya 350. Iliwezekanaje? Zote tatu zina kipenyo kimoja cha silinda, inchi 4. Kinachozitenga ni krenki. Pistoni ya 302 husafiri inchi 3, ya 327 inchi 3.25, ya 350 inchi 3.48. Kalibu haijui habari za krenki. Kwa hiyo namba ya moto inaweza kukuthibitishia ukoo bila kukutajia jina.

Jina liko mbele, upande wa kulia, kwenye kipande bapa cha bloku kinachochungulia mbele ya hedi. Hapo kuna namba ya nyundo. Chukua mfano wa V0312DZ. V ni kiwanda cha Flint, jimbo la Michigan. 0312 ni tarehe 12 Machi. DZ ni injini ya 302 iliyofungwa kwenye Camaro Z/28 ya mwaka 1969, gari linalowaniwa na matajiri. Sasa rudi nyuma ukasome tarehe ya kumiminwa, ambayo Chevrolet huiandika kwa herufi ya mwezi, A hadi L, kisha siku, kisha mwaka. Ukikuta C 5 9, bloku ilimiminwa tarehe 5 Machi, wiki moja kabla ya kuunganishwa. Hesabu inakubali. Ukikuta H, yaani Agosti, ya mwaka huohuo, umeshikwa mkono na mwongo, kwa sababu injini haiunganishwi mwezi Machi kwa bloku itakayomiminwa Agosti. Mtoto hamzai mama yake.

Na bado kuna mtego. Ile 9 ya mwisho ni tarakimu moja tu ya mwaka. Ni 1969 au 1979? Kalibu ilikuwa kazini miaka yote miwili. Ndiyo maana wajuzi hawasomi alama moja wakaenda nyumbani. Husoma namba ya kalibu, tarehe, namba ya nyundo, na ile sehemu ya namba ya gari ambayo General Motors ilikuwa inaigonga kwenye bloku za magari ya wakati huo, kisha hukaa chini waone kama mashahidi wote wanne wanasimulia kisa kimoja.

Kwa nini nawachosha na Camaro ambazo hazipo mtaani kwetu? Nataka muone watu wanafika wapi fedha ikinukia. Kwa kuwa injini yenye namba zake za kuzaliwa huweza kuongeza bei ya gari sana, wapo wanaochukua bloku ya kawaida ya 350, wanasaga kile kipande bapa mpaka namba ipotee, wanagonga DZ yao wenyewe. Nao wajuzi wakajifunza kutazama ngozi ya chuma chini ya namba. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Mashine ya mtaani huacha duara duara, au huacha chuma kinang'aa kama kioo. Namba ikikaa juu ya kioo, ujue kuna aliyefanya kazi usiku. Wapenzi wa Corvette wana chama chao cha tangu mwaka 1974, National Corvette Restorers Society, na waamuzi wake huweza kukodolea macho kipande cha chuma chenye upana wa vidole viwili kwa muda ambao wewe na mimi tungemaliza chai na chapati.

Ford wao waliandika kama makarani. Bloku yenye C5AE-6015-E inajieleza: C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka 1965, A ni familia ya magari makubwa ambayo sehemu hiyo ilisanifiwa kwa ajili yake, E ni idara ya injini, na 6015 ndiyo namba yao ya bloku. Miaka ya 1970 ikachukua D. Ukishaujua ufunguo huo mdogo unaweza kusimama kwenye jalala la vyuma vikuukuu ukasoma miaka kama unasoma mawe ya makaburi.

Peugeot ya shemeji

Sasa turudi nyumbani, ambako aliyepigwa ni mimi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua Peugeot 504 ya stesheni wagoni. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kabla ya 504 ilikuwapo 404, na 404 ndiyo iliyompa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, ushindi wa mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 gari hilohilo likashinda tena, likiendeshwa na Nick Nowicki. 504 ikaja kuchukua ya kwake mwaka 1975 na 1978. Tulikua tukiamini kwamba Mungu aliumba simba kwa ajili ya mbuga na Peugeot kwa ajili ya barabara za vumbi. Kwa hiyo shemeji aliponiita nikaione, nilikwenda nikiwa nimekwisha kubali.

Mimi ndiye niliyesoma kadi. Niliisoma kwa sauti, mbele ya muuzaji, kama mtu anayejua kazi yake: ukubwa wa injini, 1971. "Ndiyo yenyewe," nikasema, "hii ni ile ya lita mbili." Muuzaji akaitikia kwa kichwa. Boneti ilikuwa wazi mbele yetu. Kati yangu na ukweli palikuwa na grisi ya miaka thelathini, na sikutaka kuchafua shati.

Gari lilikuwa linakula oili. Ikaamuliwa injini ifunguliwe, ziwekwe slivu na pistoni mpya. Uzuri wa injini hizi za Peugeot ni kwamba slivu huchomolewa, maji huzizunguka moja kwa moja, na ukibadilisha slivu na pistoni umepata injini mpya bila kukereza bloku. Seti iliagizwa nje, ya milimita 88, maana ndicho kipenyo cha 1971. Ilichukua miezi miwili kufika. Fedha yake ilitoka kwenye fungu la mabati ya nyumba ambayo shemeji anaijenga Kibaha.

Siku ya kufunga, fundi alikwisha kung'oa hedi. Akatoa pistoni mpya kwenye karatasi yake ya mafuta, akaipangusa, akaiweka juu ya slivu kongwe kulinganisha tu. Ikakaa juu. Haikuonyesha hata dalili ya kutaka kuingia. Ilikaa kama mfuniko wa sufuria nyingine, imepita ukingo milimita mbili huku na milimita mbili kule. Fundi hakusema neno. Akachukua venia, akapima slivu: 84. Akahamia silinda ya pili, 84. Akarudisha venia mfukoni.

Kisha akafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa miezi mitatu nyuma. Alimimina petroli kidogo kwenye kopo, akachovya burashi ya waya, akasugua ubavu wa bloku. Grisi ikashuka nyeusi. Akapangusa kwa kitambaa, akachukua chaki nyeupe, ile ya shuleni, akaipitisha kwa ubapa juu ya chuma, akafuta tena kwa kiganja. Unga wa chaki ukabaki kwenye mashimo tu. Polepole, kama uso unaotokea kwenye kioo chenye mvuke, zikatoka X, M, na 7.

"Shemeji," alisema, kwa kuwa naye alikwisha zoea kutuita hivyo sote wawili, "hii ni elfu moja mia nane. Ya lita mbili ni XN1. Kadi yenu inazungumza habari za marehemu."

Injini ya 1796 na ile ya 1971 zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 81. Tofauti yake ni kipenyo, 84 na 88. Angalia jinsi hadithi ya Chevrolet ilivyogeuka nje ndani: kule kipenyo kimoja na miendo mitatu, huku mwendo mmoja na vipenyo viwili. Na huku kama kule, macho na masikio hayakusaidii kitu. Tukalinganisha namba ya mfululizo na ile ya kwenye kadi. Hazikufanana hata tarakimu ya kwanza. Mtu fulani, mwaka fulani, injini ya lita mbili ilipomfia, alifunga aliyoipata akaendelea na safari. Simlaumu. Ningefanya vilevile. Ninachomlaumu ni kimya chake, na kimya cha kila aliyeuza gari lile baada yake mpaka likatufikia.

Mvua za vuli zilikuja zikapita nyumba ya Kibaha ina kenchi tu. Mke wangu hajanisema. Hilo ndilo linalouma.

Anayelipa ni nani?

Watu huniambia mambo ya namba ni anasa ya wazungu wenye Corvette gereji mbili. Mimi naona kinyume. Tajiri akikosea namba amepungukiwa fahari. Fukara akikosea namba amekosa ada ya mtoto. Nani kati ya hao wawili anahitaji zaidi kujua kusoma bloku?

Fikiria mjane. Si wa kubuni, yuko mtaa wa pili kutoka kwetu. Mume alimwachia gari moja la zamani, Datsun 120Y, limetunzwa kama yai. Mirathi imekwisha, watoto wamekubaliana liuzwe. Mnunuzi wa kweli akaja na fundi, fundi akainama. Kadi inasema injini inaanza na A12, kama inavyotarajiwa. Bloku inasema A15. Marehemu aliwahi kubadilisha, akapata nguvu zaidi ya kupandia milima ya kwao, akanyamaza. Hakuna risiti, hakuna barua, hakuna anayekumbuka fundi wala duka. Mama wa watu hajui A12 wala A15, anajua tu kwamba mnunuzi ameondoka, na aliyekuja baada yake ametaja nusu ya bei kwa sababu "gari lina matatizo ya namba". Gari halina tatizo lolote. Tatizo ni karatasi moja ambayo mumewe aliona uvivu kuifuatilia.

Wajapani, kwa haki yao, wameturahisishia. Nissan na Toyota huandika aina ya injini mwanzoni mwa namba yenyewe. Corolla ya zamani yenye namba inayoanza na 3K ni 1166, 4K ni 1290, 5K ni 1486. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kwenye injini za dizeli za Hiace na Hilux, 2L, 3L na 5L ziko palepale mwanzoni. Kama mtu kakuuzia 2L kwa bei ya 3L, hapo tusimsingizie shetani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Land Rover ndiyo inayotaka subira. Injini yake ya lita 2.25, ya petroli na ya dizeli, ilibeba krenki kwa metali tatu kuu hadi mwaka 1980, ilipopewa tano. Mwenye gari hujua "two and a quarter" basi. Anayenunua krenki au seti ya metali bila kusoma namba anacheza bahati nasibu, na gereji nyingi zina boksi la metali za mtu aliyecheza akakosa. Baadaye kiwanda kikaleta namba zinazoanza kwa tarakimu mbili na herufi: 11H ni hiyo 2.25 ya petroli yenye metali tano, 12J ni dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo, 19J ni ndugu yake mwenye turbo. Nimewahi kuona 19J iliyovuliwa turbo ikiuzwa kama 12J "ya kawaida isiyo na makuu". Muuzaji alikuwa amesafisha kila mahali isipokuwa pale penye namba. Penye usafi wote huo, doa moja la grisi lililoachwa kwa makusudi lina habari kuliko kadi.

Kuna na Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ambayo nusu mbili za bloku yake zilikerezwa kwa pamoja kama pacha, kila nusu ikapewa alama ya kumtambua mwenzake. Namba ya injini iko chini ya kikalio cha jenereta. Katika zile za miaka ya 1960, D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500. Ukikuta nusu mbili zisizojuana zimebanwa pamoja, usisubiri maelezo. Vaa miwani yako uondoke.

Mficha uchi hazai

Wapo waliokwenda mbali upande wa pili, nao nina neno nao. Tangu magari ya zamani yaanze kupata bei nzuri, hasa Kenya, ambako kuna maonyesho yake na mashindano ya Safari ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, limeingia neno "orijino", na neno hilo limeanza kuwalewesha watu. Kila Datsun 240Z inayopatikana ikiwa na kutu inasemekana ni jamaa wa zile zilizoshinda Safari mwaka 1971 na 1973. Haya, fungua boneti. Injini ya 240Z ni L24. Ukikuta kwenye bloku herufi za kusubu F54, hiyo ni bloku ya L28 ya kizazi kilichofuata, iliyotoka miaka mingi baada ya mbio hizo. Bado ni gari zuri. Pengine hata linakimbia zaidi. Lakini mwambie mnunuzi.

Magari yetu hayakuishi kwenye gereji zenye kiyoyozi. Yalibeba mahindi, wagonjwa, maharusi na majeneza, na injini ilipokufa ikawekwa nyingine kwa sababu kesho yake kulikuwa na safari. Gari la Afrika Mashariki la mwaka 1972 lenye injini yake ya kuzaliwa hunitia shaka kuliko lenye ya kuazima. Ndiyo maana nawaomba wenye magari haya wasione haya. Andika. Weka daftari ndani ya gari: mwaka fulani injini ilibadilishwa, ilitoka kwenye gari gani, namba yake ni hii, fundi alikuwa fulani. Peleka habari panapohusika, kadi irekebishwe. Anayeficha anafikiri analinda bei. Kumbe anamrithisha mtoto wake kesi, maana gari lenye namba iliyokwanguliwa hushukiwa kuwa la wizi hata kama mwenye nalo hajawahi kuiba embe.

Halafu kuna kosa la wema. Ile sehemu ya namba kwenye Chevrolet iko juu ya uso uleule unaokutana na hedi. Hedi ikivuja, fundi mwaminifu anapeleka bloku kusawazishwa, na mashine inapita juu ya namba ikiifuta bila nia mbaya. Kwa hiyo si kila bloku yenye uso mtupu imepita kwa mwizi. Lakini utamthibitishiaje askari? Kabla bloku haijakwenda kukerezwa, ipige picha, chukua na nakala kwa karatasi na penseli, na mwambie mkerezaji asiguse hapo kama panaweza kuepukwa. Nimewaona wakerezaji wakishangaa kuambiwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuwaomba.

Vifaa vyenyewe havifiki bei ya soda tatu: burashi ya waya, petroli ya kifuniko kimoja, kitambaa, chaki, tochi ya simu. Usitumie patasi, wala msasa, wala grainda. Namba ya nyundo ina kina kidogo na ukiisugua kwa pupa utakuwa umemsaidia mwizi bila ujira. Anza na iliyozama, ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu, kisha tafuta iliyovimba. Muuzaji akisema "hapo hapana haja, bosi", hapo ndipo pana haja.

Shemeji alipata slivu na pistoni za 84, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu dada yake husoma makala zangu. Zile za 88 ziko uvunguni mwa kitanda chake, kwenye karatasi zake za mafuta, zinamsubiri mtu mwenye XN1. Gari limepona. Likabaki suala la kadi.

Mkaguzi alikuja palepale gereji, kijana mwenye viatu vilivyong'arishwa. Fundi alimpa chaki. Aliinama, akasugua, akawasha tochi, akaandika namba yote kwenye daftari lake, akiitamka herufi moja moja. Wa nne kwenye hesabu yangu. Wiki iliyofuata tulikwenda ofisini na fomu. Palikuwa na mstari unaouliza sababu ya kubadilisha injini, na shemeji akakwama hapo, kalamu hewani.

"Niandike nini? Sijabadilisha mimi."

Nikamwambia aandike kama ilivyo. Aliandika kwa herufi kubwa: NIMEIKUTA. Karani alisoma, akarudia kusoma, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone. Wakacheka kidogo. Kisha akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri, ukapinda kidogo upande wa kulia.